Adabu ya Mchezo na Haki ya Asiyekuwapo

Watu husema kuwa ukitaka kumjua mtu, safiri naye au mkopeshe fedha. Mimi ningeongeza jambo la tatu: cheza naye. Katika mchezo mtu husahau kujificha. Mwenye kiburi huonekana kwa namna ashindavyo, mwenye choyo huonekana kwa namna ashindwavyo, na mwenye hila huonekana kwa namna mkono wake utembeavyo wakati macho ya wenziwe yako kwingine. Ndiyo maana watu waliobuni michezo wamebuni pia adabu zake. Adabu hizo zastahili kuchunguzwa na mwanafunzi kama achunguzavyo sarufi au hesabu, kwa kuwa ndani yake mna swali kubwa la maadili. Swali lenyewe ni hili: je, mtu akizitimiza adabu zote za mchezo, amekwisha kuwa mtu mwema?

Tuanze nyumbani. Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kutoka Embu kupita Runyenjes na Chuka hata Meru, bao ni mchezo wa tangu kale, na Wameru huuita kiothi. Michezo ya namna hii imeenea katika sehemu nyingi za Afrika, na umri wake ni mkubwa. Pale Hyrax Hill, karibu na Nakuru, vishimo vya bao vimechongwa katika mwamba wenyewe. Ukipita sokoni siku isiyo ya haraka, yamkini utawakuta wazee wawili wameinamia ubao wenye safu za vishimo, wakigawa mbegu moja moja, na watu wamewazunguka kimya.

Katika mchezo huu hakuna kinachofichwa. Mbegu zote ziko wazi mbele ya wachezaji na watazamaji, wala hakuna bahati ya kulaumiwa. Anayeshinda ameshinda kwa akili yake, na anayeshindwa ameshindwa na akili ya mwenziwe. Kwa hiyo adabu zake ni chache, na ni rahisi kueleweka. Mchezaji muungwana harudishi mbegu alizokwisha kuzigawa. Hamharakishi mwenziwe anayefikiri, wala yeye mwenyewe hafikiri hata jua likatua. Mtazamaji aonaye njia nzuri huyameza maneno yake, kwani neno moja la kunong'ona laweza kuugeuza ushindi wa mtu ukawa wizi. Na mchezo ukiisha, aliyeshinda hupanga mbegu upya bila ya kelele, akijua kuwa kesho yaweza kuwa zamu ya mwingine. Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Tazama kwamba hawakumtoa katika ushindani mtu asiyeshinda, walimtoa asiyekubali kushindwa. Kwao, kushindwa ni sehemu ya mchezo kama kushinda kulivyo, na asiyejua sehemu hiyo hajajifunza mchezo.

Sasa tutoke kwenye ubao wa kiothi twende kwenye meza ya namna nyingine, ambayo wengi wenu mmeiona katika sinema tu. Katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa ziko nyumba za kamari ziitwazo kasino. Serikali ilitunga sheria ya kuzisimamia mwaka 1966, muda mfupi baada ya uhuru, na mahali pa sheria hiyo pamekwisha kushikwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Mtu ambaye hajatimiza miaka 18 haruhusiwi kucheza humo. Sikuandikii, basi, ili nikuonyeshe mlango wa kuingilia. Nakuandikia kwa sababu meza zile zina adabu kali kuliko za kiothi, na adabu kali hutufundisha mengi juu ya kile ambacho adabu yaweza kutenda na kile isichoweza.

Mchezo mmoja ujulikanao sana humo ni ule wa ishirini na moja, ambao Waingereza huuita blackjack. Huchezwa kwa karata zile zile tunazozijua, za shupaza, kopa, uru na pao, majina ambayo Kiswahili kiliyapata kwa Wareno zamani. Karata ya namba huhesabiwa kwa namba yake, karata ya picha huhesabiwa kumi, na ree huhesabiwa moja au kumi na moja kama mchezaji atakavyo. Kila mchezaji hushindana na mgawaji wa karata, ambaye ni mtumishi wa nyumba. Anayeikaribia zaidi 21 bila ya kuipita ndiye mshindi. Aliyeipita amekwisha kupoteza. Mgawaji naye hana hiari: kwa kawaida akiwa na 16 au chini yake sharti achukue karata nyingine, na akifika 17 sharti asimame.

Sikiliza sasa adabu za meza hiyo. Karata zikigawiwa zikiwa wazi, mchezaji hazigusi hata kidogo. Akitaka karata nyingine hugonga meza kwa kidole. Akitosheka hupunga mkono juu ya karata zake. Maneno peke yake hayatoshi. Dau likishawekwa na ugawaji ukishaanza, mkono wake haulikaribii tena dau hilo. Akitaka kubadili fedha apate vile vipande vya plastiki vinavyochezewa, huiweka fedha mezani. Haimkabidhi mgawaji mkononi. Hamshauri jirani asiyetaka ushauri. Hazungumzi kwa sauti ya kuwasumbua wengine, wala hamtukani mgawaji.

Mtu asiyefikiri ataziona adabu hizi kuwa ni ukali wa bure. Lakini zichunguze moja moja. Kwa nini mchezaji asiziguse karata? Kwa sababu mkono uliogusa waweza kushukiwa kuwa umebadili, na asiyegusa hana haja ya kujitetea. Kwa nini aashirie kwa mkono? Kwa sababu neno huruka, na kesho watu wawili hulikumbuka kwa namna mbili, bali ishara iliyofanywa mbele ya mashahidi haina ubishi. Kwa nini fedha iwekwe mezani? Kwa sababu iliyopita kutoka kiganja hata kiganja hakuna aliyeihesabu ila wawili. Adabu hizi ni ua linalowalinda wote wawili, mchezaji na mgawaji, wasidhuriwe wala wasidhaniwe vibaya. Mtu huona ni rahisi kukubali kushindwa pale ambapo hesabu imefanywa hadharani. Taifa letu lilionja uchungu wa kinyume chake mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, wakati watu wengi walipokosa imani na hesabu ya kura. Basi usiidharau kanuni ndogo yenye kuiweka mikono ya watu wazi.

Liko jambo jingine la meza hiyo ambalo lafaa kukaziwa macho. Mchezaji aliyeketi mwisho, kabla ya mgawaji kujichukulia karata zake, mara nyingi hulaumiwa na wenziwe. Akichukua karata, na mgawaji akapata karata iliyofuata akashinda, wote humgeukia wakisema, "Umeichukua karata ambayo ingemwangusha! Wewe ndiwe uliyetupoteza!" Hasira hii yajulikana mahali pote mchezo huu uchezwapo, na haina msingi. Karata iliyokuwa juu ilikuwa imefunikwa. Hakuna aliyejua kama ingemwangusha mgawaji au ingemwokoa. Mara nyingine jirani huyo huyo huichukua karata ambayo ingewaangamiza wote, na hapo hakuna anayesema, "Ahsante, ndugu." Ukizihesabu karata za michezo mingi, utakuta kuwa jirani huyo hakuwaongezea wenziwe hasara wala faida. Lakini moyo wa mwanadamu huyaandika makosa ya jirani kwa wino na kuyaandika mema yake kwa maji.

Adabu, basi, yakataza kumlaumu jirani kwa bahati mbaya, na hapa adabu na hesabu zasema neno moja. Lichukue funzo hili ulipeleke darasani. Mwanafunzi aliyeshindwa katika mtihani humlaumu mwalimu, au aliyeketi karibu naye, au swali ambalo lilitoka siku isiyofaa. Yamkini mara moja au mbili lawama hiyo ni ya haki. Lakini anayelaumu kila mara ajiulize kama amewahi kuwashukuru wale wale kila alipofaulu.

Yuko pia mgawaji. Mtu huyu hulipwa mshahara kwa kusimama saa nyingi akigawa karata. Akishinda, fedha si yake. Akishindwa, hasara si yake. Hata hivyo mchezaji aliyepoteza humtazama kama adui, na wengine humtolea maneno ambayo hawangethubutu kumwambia mwenye nyumba. Udhaifu huu hauko kasino peke yake. Tunamkemea karani kwa ajili ya kodi ambayo hakuitunga, na kondakta kwa ajili ya nauli ambayo hakuipanga. Adabu ya kweli hupimwa kwa namna umtendeavyo mtu asiyeweza kukujibu kwa sababu kazi yake yamzuia.

Huenda mmoja wenu ataniuliza: je, kutumia akili nyingi kuliko wengine ni kukosa adabu? Swali hili lilipata kuulizwa hata mahakamani. Mwaka 1962 mwalimu mmoja wa hesabu wa Marekani, Edward Thorp, alitoa kitabu kiitwacho Beat the Dealer. Alikuwa ametumia kompyuta za siku zile kufanya hesabu za mchezo huu, akaonyesha kuwa mtu anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka aweza kujua ni wakati gani zilizobaki zina heri kwake, akaongeza dau wakati huo tu. Wenye kasino hawakupendezwa. Wakaanza kuwafukuza watu waliodhaniwa kuwa wanahesabu karata. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya jimbo la New Jersey iliamua kwamba kasino za jimbo hilo haziwezi kumfukuza mtu kwa amri yao wenyewe kwa sababu hiyo.

Mimi naona tofauti iko wazi. Anayehesabu kwa kichwa chake hagusi karata, hamdanganyi mgawaji, wala haoni kitu ambacho wengine wamezuiwa kukiona. Hufanya kile ambacho mzee wa kiothi hufanya anapokumbuka idadi ya mbegu. Lakini anayeweka alama juu ya karata, au anayeongeza dau kwa siri baada ya kuona ameshinda, ameivunja ahadi ambayo kila mtu aliitoa kwa kuketi pale. Akili ni halali ya mtu, bali udanganyifu huchukua ridhaa ya wengine bila ya wao kujua. Nanyi mnaofanya mitihani mwaijua vyema tofauti ya kukumbuka na kunakili.

Hadi hapa nimeisifu adabu, na nimeisifu kwa moyo. Sasa yafaa nirudi kwenye swali la kwanza. Fikiri mtu mmoja wa upande wetu huu aliyepata malipo ya majani ya chai, au ya kahawa, au fedha ya miraa ambayo huko Igembe huingia mkononi upesi upesi. Apanda gari mpaka mjini, aketi mezani. Hagusi karata. Huashiria kwa mkono. Humwambia mgawaji tafadhali na ahsante. Hamlaumu jirani. Anapoteza nusu ya fedha, atabasamu, anapoteza nusu iliyobaki, anainuka kwa upole, awaaga wenziwe, na kila aliye pale asema, "Huyu ni muungwana." Huko nyumbani mtoto wake angojea karo, na mama wa mtoto amekwisha kumwahidi mwenye duka kuwa deni litalipwa Ijumaa. Je, huyu ni muungwana?

Wote waliokuwapo mezani walitendewa vyema. Waliodhulumiwa ni wale ambao hawakuwapo.

Jambo hili ni la kale. Katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa Bara Hindi, mfalme Yudhishthira, mtu aliyesifiwa kwa uadilifu, aliitwa na jamaa zake kucheza dadu. Aliona kuwa kukataa mwaliko wa namna hiyo si heshima, akaenda. Shakuni alikuwa akitupa dadu kwa niaba ya upande wa pili, na kila mara alishinda. Yudhishthira akaweka dau la mali, akapoteza. La ufalme, akapoteza. La ndugu zake mmoja mmoja, akapoteza. Akajiweka mwenyewe, akapoteza. Mwisho akamweka mke wake, Draupadi, naye akapotea. Draupadi hakuwako mezani. Alipotumwa mjumbe kumwita, aliuliza swali ambalo wazee wa baraza lile hawakuweza kulijibu: je, alijipoteza nani kwanza, nafsi yake au mimi? Maana aliyekwisha kuipoteza nafsi yake ana haki gani ya kumweka mwingine rehani?

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Yudhishthira hakuvunja hata kanuni moja ya mchezo. Alikuja alipoitwa, aliweka dau wazi, alikubali kushindwa bila ya kugombana. Heshima ya mezani ndiyo iliyomfunga. Na aliyeuliza swali la haki ni yule ambaye hakuhesabiwa. Kwa hiyo nasema kuwa adabu ya mchezo ni nusu ya uadilifu. Nusu ya pili ni kumhesabu asiyekuwapo.

Ili usidhani kuwa nakutisha kwa hadithi, tupige hesabu kidogo. Katika mchezo wa ishirini na moja mchezaji hucheza kabla ya mgawaji. Akiipita 21 dau lake huchukuliwa papo hapo, hata kama mgawaji naye ataipita baadaye. Hapo ndipo faida ya nyumba ilipo, nayo hakuna awezaye kuiita wizi, kwa sababu imetangazwa. Mchezaji stadi sana huipunguza faida hiyo ikawa ndogo, lakini wengi si stadi. Tuseme kwamba mtu hupoteza shilingi mbili katika kila mia aiwekayo. Akiweka shilingi 100 kila mara, na akacheza mara 60 kwa saa, ameweka shilingi 6,000, na hasara yake kwa wastani ni shilingi 120 kwa kila saa. Usiku mmoja aweza kushinda, na usiku huo ndio atakaousimulia. Lakini akirudi mara nyingi, wastani utamfikia kama maji yafikavyo bondeni. Nyumba haihitaji kumdanganya wala kumkosea adabu. Yahitaji arudi tu.

Mtu atasema, "Fedha ni zake. Ameitolea jasho. Mwingine hulipa kuona mpira, na yeye alipa kucheza karata. Wewe mwalimu wamwingiliaje?" Neno hili lina uzito, nami silitupi. Mtu mzima asiye na deni, aliyetenga kiasi kidogo, akakiaga kabla ya kuingia kama anavyokiaga kiingilio cha sinema, hana wa kumdhulumu katika hesabu hiyo. Ziko dini na jamaa zitakazomkataza hata hapo, na yeye ajua wajibu wake kwazo. Lakini swali langu ni jepesi zaidi: je, fedha ile kweli ni zake? Chai haikuchumwa na mkono mmoja. Shamba la miraa au la muguka halikupaliliwa na mtu peke yake. Hata sheria ya nchi imekwisha kuliona hilo, maana Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza mume au mke kuuza mali ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Sheria hiyo yamleta mezani asiyekuwapo na kumpa sauti. Dhamiri yapaswa kufanya kazi iyo hiyo kwa mambo madogo ambayo sheria haiwezi kuyafikia, kama malipo ya juma moja na karo ya muhula mmoja.

Liko jambo la mwisho, na hili ndilo lililo karibu nawe zaidi. Kasino iko mbali, na mlangoni pake yuko mtu wa kuuliza umri wako. Lakini kamari imekwisha kutoka kasino ikaja vijijini. Zilikuja mashine zimezazo sarafu, zikawekwa madukani na vichochoroni hata watoto wakazichezea. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilizikamata nyingi na kuziteketeza. Ikaja pia kamari ya simu, ambapo mtu aliyelala kitandani aweza kuweka dau kwa kidole kimoja juu ya mpira unaochezwa ng'ambo, na fedha ikaondoka kabla hajavuta pumzi ya pili.

Linganisha sasa simu hiyo na zile meza mbili tulizozitembelea. Kwenye kiothi yuko mzee mbele yako na watazamaji kando yako. Kwenye meza ya karata wako jirani na mgawaji. Uso wa mwenzio ni lijamu: waona haya kulia, waona haya kutukana, na mara nyingine waona haya kuendelea. Mbele ya simu huna jirani wa kumwonea haya wala mgawaji wa kumheshimu. Simu haidai adabu yoyote, na wengi huona kutodai huko kuwa ni uhuru. Mimi naona kuwa hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa mtu amebaki peke yake na tamaa yake, na wote wenye haki juu ya fedha ile hawako. Hapo adabu iliyozoea kushikiliwa na macho ya watu huanguka. Itakayosimama ni ile tu iliyoingia ndani ya mtu.

Itaingiaje? Kwa mazoezi, kama kila jambo jema liingiavyo. Wewe uliye shuleni una viwanja vya kutosha vya mazoezi. Cheza kiothi na babu yako, au mumwombe akufundishe ikiwa hujui. Cheza drafti, cheza mpira. Ushindwapo, mpe mkono aliyekushinda kabla ya kueleza sababu. Ushindapo, nyamaza kitambo. Hesabu iwe wazi, na mikono yako iwe wazi. Usimlaumu mwenzio kwa karata ambayo haikujulikana, wala usimkemee mtumishi kwa kanuni ambayo hakuiweka. Hizo ndizo adabu za mezani, na ninakusihi uzishike.

Kisha, kabla hujaweka dau la kitu chochote, iwe ni fedha, au muda wa masomo, au jina la jamaa yako, jiulize kitu hicho ni cha nani, na nani mwingine anakitegemea. Watu hao hawataketi nawe mezani. Hawataweza kugonga meza wala kupunga mkono. Wewe ndiwe utakayewasemea, na ukinyamaza wewe, hakuna mwingine atakayewasemea.